Aliponijibu "Mhola" Nikaandika Anaendelea Vizuri

(Maneno niliyosema kwenye mahafali ya chuo kimoja cha uuguzi mkoani Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale niliporudiarudia na pale vipaza sauti vilipokata.)

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi, wazazi na walezi, wahitimu wetu. Naomba itifaki izingatiwe, maana nikianza kutaja mmoja mmoja pilau itapoa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeambiwa nina dakika ishirini, niwaelezeni habari ya kuhamia mji mgeni kwa ajili ya kazi hii yetu. Najua kwa nini nimeitwa mimi. Katika darasa letu mimi ndiye niliyelia kuliko wote siku niliyopata barua ya ajira. Mwalimu aliyenipa kitambaa nifute kamasi amekaa pale mstari wa mbele, na anacheka.

Barua ilisema Mwanza. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimesomea Tanga mjini, na mwaka ule, 2014, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sijawahi kuivuka Chalinze. Mwanza nilikuwa naijua kwenye ramani ya ukutani darasa la tano. Nyinyi leo mmejaza maombi yenu, mmeweka Muheza, mmeweka Korogwe, mwenye ujasiri kaweka Moshi. Barua zikitoka mtakuta Kibondo, Nkasi, Bunda. Mtalia. Lieni tu, ila mkimaliza mnisikilize.

Nilisafiri siku mbili. Miaka ile mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo tulilala Singida, na asubuhi tukaendelea: Nzega, Shinyanga, hadi stendi ya Nyegezi. Mizigo yangu ilikuwa begi moja, godoro la futi tatu na nusu lililofungwa kamba, ndoo yenye nazi sita alizoniwekea mama kana kwamba naenda kwenye njaa, na bahasha ya kaki. Bahasha hiyo niliilalia gesti, chini ya mto. Humo kulikuwa na cheti cha chuo, cheti cha kidato cha nne, cha kuzaliwa, na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nyinyi mna simu nzuri kuliko tulizokuwa nazo, pigeni picha kila karatasi, wekeni kwenye barua pepe, na nakala zithibitisheni kwa mwanasheria hukuhuku kabla ya kuondoka. Ukifika ugenini, kumtafuta mwanasheria wa kugonga muhuri ni siku nzima na pesa huna.

Leseni ile ilitambulika Mwanza kama inavyotambulika Tanga, hakuna aliyeitilia shaka. Kitu ambacho hakikupanda basi pamoja nami ni kujulikana. Hapa Tanga, kwenye wodi nilizofanyia mafunzo kwa vitendo, mtoto akikosekana mshipa walisema mwiteni yule binti wa Pangani. Ukifika mji mwingine hilo linaisha. Wewe ni mikono miwili tu, na hakuna anayejua kama ni mizuri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, saa nane mchana, wodi ya wazazi. Hospitali yenyewe sitaitaja, na nawaomba mnaonijua msiitaje. Tulikuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja, vitanda vimejaa na wengine wako chini. Hakuna aliyenitembeza kunionyesha stoo iko wapi. Mwenzangu aliniambia, "Sista, dripu ziko kabati la kushoto, glavu ukizikosa uliza maabara," akakimbilia chumba cha kujifungulia. Huo ndio ulikuwa utambulisho.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Lilinitokea wiki ya tatu, nikiwa zamu ya usiku.

Nilikuwa nimeshaanza kuokota maneno ya Kisukuma, na nilikuwa najisikia sana kwa hilo. Mwangaluka, salamu ya asubuhi. Mwadila, ya mchana kwenda jioni. Wabeja, asante. Na lile jibu la salamu, mhola, yaani salama, amani. Nikiingia wodini nasalimia, kina mama wananijibu huku wanacheka matamshi yangu, mimi najiona mwenyeji.

Usiku ule mama mmoja kutoka upande wa Magu alijifungua saa nne na nusu, mtoto wake wa nne, kwa njia ya kawaida, bila tatizo. Tukampeleka wodini. Chumba cha kujifungulia kulikuwa na wawili wengine, mmoja uchungu umeshamiri. Saa tano nikapita kitandani kwake mbiombio. "Mama, unaendeleaje?" Akatabasamu. "Mhola." Nikafurahi jamani, nimeongea na mgonjwa kwa lugha yake. Nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Saa sita kasoro nikapita tena. "Mama, hali?" Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mhola." Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Yule mhudumu wetu alikuwa mama wa makamo aliyebakiza miaka michache kustaafu. Wodi nzima ilimwita Mayu, yaani mama. Alikuwa anapita na ndoo ya kudekia, akasimama. Hakunisemesha mimi, alimtazama yule mzazi usoni. Kisha akasema taratibu, "Nesi, hebu tazama midomo yake."

Nilipofunua kanga nilikuta damu imepita kanga mbili, imejaa kwenye mpira, inachuruzika sakafuni kwa upande wa ukutani, upande ambao mimi nikipita mbiombio siuoni. Mapigo ya moyo 128. Presha 80 kwa 50. Nikamshika tumbo: kizazi kimelegea kama unga wa maandazi uliozidi maji. Mliosoma ukunga mnajua: kizazi kisipokaza, damu haikatiki. Nikaanza kukisugua huku nampigia kelele mwenzangu. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, mipira miwili ya dripu, kutoa mkojo kwenye kibofu ili kizazi kipate nafasi ya kujikaza, daktari akaitwa, ndugu wakaamshwa kwenda kutoa damu. Mikono yangu ilitetemeka hivi. Mayu aliiweka ndoo pembeni, akakaa kichwani kwa yule mama, akawa anaongea naye Kisukuma mfululizo ili asilale. Kizazi kilipokaza, nilikisikia chini ya kiganja kama chungwa. Mpaka leo sijawahi kushika chungwa sokoni bila kumkumbuka yule mama.

Alipona. Nalisema mapema msije mkabaki na roho juu.

Mwongozo tuliofundishwa humu ndani ni kwamba saa mbili za mwanzo baada ya kujifungua, kila dakika kumi na tano unapima mapigo, unapima presha, unashika kizazi, unatazama damu. Nilikuwa naujua, mtihani niliufaulu. Usiku ule nilimpima mgonjwa kwa salamu.

Asubuhi tukinywa chai ya rangi kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo, Mayu akaniambia bila ukali wowote, "Mwanangu, wewe ulimsalimia, na yeye akaitikia salamu. Ugonjwa mtu anausema ukikaa naye." Basi, hakuongeza. Na mimi nilikuwa nimeshajiandalia utetezi, nimwambie sijui Kisukuma, mimi mgeni. Nikakumbuka kwetu. Pangani unamkuta mtu njiani: Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Njema. Watoto? Wazima. Mzee? Ah, mzee tulimzika Jumatano. Hivi ndivyo tunavyosalimiana Pwani nzima! Mtu anaumwa yuko taabani ukimuuliza hali anakwambia alhamdulillahi. Kwa hiyo sikushindwa na lugha ya watu. Nilishindwa na salamu niliyozaliwa nayo, kwa sababu ilikuja imevaa nguo nyingine.

Toka siku hiyo kitandani kwa mgonjwa siulizi "unaendeleaje" halafu nikaondoka. Nasalimia, ndiyo, usipomsalimia mtu mzima huku na kule ni kosa. Salamu ikiisha naweka mkono. Nafunua. Nasema nionyeshe kwa kidole. Na nilinunua daftari dogo la mia mbili, nikakaa na Mayu siku za mapumziko ananitajia: maumivu, damu, kizunguzungu, kupumua, amenyonya, amekojoa. Hayo ndiyo maneno ya kutafuta kwanza mji wowote mtakaopelekwa. Ya kuchekeshana yatakuja yenyewe. Na mwalimu wenu atakuwa mhudumu au mfanya usafi, kwa sababu hao ndio wenyeji, hao ndio walioiona wodi kabla yako na watakuwapo ukihama. Metroni nimemheshimu miaka yote, lakini aliyeniokoa leseni alikuwa na ndoo mkononi.

(Hapa palipigwa makofi upande wa wahudumu wa chuo. Nikasubiri.)

La pili ni dogo kidogo. Mwezi wangu wa pili pale alikuja baba mmoja na mkewe kutoka upande wa Sengerema, uchungu tangu jana yake, mama amechoka. Nikamkaripia yule baba mbele ya watu. "Mlikuwa wapi muda wote huu?" Akanijibu kwa adabu, "Kwenye kivuko, nesi." Sikumwelewa, nikadhani ni kisingizio.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda daladala kwenda Kigongo. Nikakuta foleni ya malori, mabasi, watu na kuku wao, wote wanasubiri kuvuka ghuba kwenda Busisi. Hata gari la wagonjwa likipewa nafasi ya kwanza, kivuko kikiwa ng'ambo ya pili linakisubiri kama wengine. Nikavuka, nikanywa soda upande wa pili, nikarudi. Safari ya kwenda na kurudi ilinila nusu siku. Yule baba nilimtafuta wodini nikamwomba radhi, akasema hamna shida, nesi, hata wengine huwa hawajui. Leo pale kuna daraja la kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na njia iliyokuwa inakula saa nzima mtu anaimaliza kwa dakika chache. Nilipolivuka mara ya kwanza nilimkumbuka yule mama. Kwa hiyo siku yenu ya kwanza ya mapumziko msiende kupiga picha. Ifuateni njia wanayojia wagonjwa wenu mpaka mahali inapokwama.

Na mdomo. Mdomo wa mtu wa Pwani mnaujua. Siku moja wenzangu wanapanga safari ya Bukoba kwa maji, mimi nikadakia, "Hizo meli zenu zinaelea kweli?" Chumba kikanyamaza. Sista mmoja akainuka, akatoka na kikombe chake. Ndipo nikaambiwa kaka yake alikuwa ndani ya MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, inatoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, mamia ya watu wakafa. Wakati ule mimi nilikuwa mtoto. Lakini mwaka 2011 nilikuwa mkubwa, na Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba tulilia Pwani yote. Ningemvumilia mgeni anayekuja Pangani kutania jambo lile? Kila mji una msiba wake. Kabla hujaujua, tania kuhusu mpira.

Wanafunzi wanaopenda kitabu wataniuliza tofauti ya magonjwa. Ipo, na inafurahisha. Kichocho nilichokijua hapa Tanga ni cha mkojo, mtoto anakojoa damu, unakijua kabla hata ya kipimo. Kule ziwani ni cha tumbo. Mvuvi analetwa anatapika damu, ini limekakamaa, bandama imevimba mpaka unaiona akilala, na mimi mara ya kwanza nilidhani ni vidonda vya tumbo. Mabusha na matende, ambayo hapa ukizunguka mtaa mmoja unakutana nayo, kule nilianza kuyasahau. Nikakutana na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, watoto wanalia usiku viungo vinauma, wengi kuliko nilivyowahi kuona. Hakuna aliyenificha hayo, yamo vitabuni. Lakini kitabu hakikwambii lipi ulitilie shaka kwanza mtu akiingia mlangoni saa tisa usiku. Hilo linabadilika ukivuka mikoa mitatu.

Sasa nyumba. Wazazi, hapa nisikilizeni nyinyi.

Nilishuka Nyegezi na shilingi laki mbili na arobaini, zote alizochanga mama na wajomba. Dalali akanipandisha Mabatini. Wanaoijua Mwanza wanajua maana ya kupandishwa. Nyumba ziko juu ya miamba, moja imeegemea jiwe, nyingine imekalia jiwe, njia ni ngazi walizochonga watu wenyewe. Kijana mmoja alinibebea godoro kichwani kwa elfu mbili, anaruka mawe kama mbuzi, mimi nyuma na ndoo ya nazi nahema. Chumba elfu thelathini kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi. Hiyo laki na themanini. Dalali naye mwezi mmoja, thelathini nyingine. Pigeni hesabu wenyewe nilibaki na nini, na humo mtoe zile elfu mbili za godoro.

Mshahara wa kwanza ulichelewa. Mwajiri wangu wa wakati ule simtaji, sikuja kugombana. Ulikuja mwezi wangu wa tatu kazini, na malimbikizo yake. Posho ya kujikimu, ambayo jina lake linasema ni ya kujikimu unapofika, nilijikimu kwanza ndipo ikaja. Nauli niliambiwa nipeleke tiketi nirudishiwe. Tiketi! Tiketi niliifungia karanga Singida. Nauli ile nadai mpaka leo. Kwa hiyo wazazi, kama kuna mbuzi wa kuuza, msimuuzie sherehe ya mahafali haya. Muuzeni siku barua ikija. Binti au kijana aondoke na chakula cha miezi mitatu mfukoni, na tiketi aishike kama cheti. Kabla ya kuondoka apige simu kule aulize: nyumba ya mtumishi ipo au haipo, na wapya waliotangulia walikaa wapi. Aulize wauguzi wenyewe, wala asiishie ofisini.

Aliyenilisha miezi ile ni mama mwenye genge chini ya mlima. Aliniandika kwenye daftari lake la wadaiwa: "Nesi Mtanga". Unga nusu, dagaa wa mia mbili, mafuta ya kupima. Hakuniuliza kitambulisho. Aliniuliza tu, "Uko wodi gani?" Nilipomlipa zote, alinikatia ule ukurasa akanipa.

Na kuna kisa cha balozi wa nyumba kumi. Tulifundishwa kwamba nguo za wodini hazitoki hospitali, unabadilisha kulekule, ndiyo kinga. Nikafuata. Kwa hiyo majirani waliniona mimi binti mgeni, sina mume, sina ndugu, natoka saa kumi na mbili jioni nimejipaka mafuta, narudi saa mbili asubuhi macho mekundu, nalala mchana kutwa. Mwezi mzima! Jumamosi moja nasikia hodi, balozi, mwenye nyumba na mkewe, wamevaa rasmi. Wamekaa kimya. Mwisho balozi akakohoa: "Binti, tunaomba kujua shughuli zako." Nikaingia ndani nikatoa barua ya ajira na leseni. Mke wa mwenye nyumba alisoma, akaniangalia, akaniambia goti linamsumbua tangu mwaka juzi. Tangu siku hiyo hodi za asubuhi hazikwisha, na usingizi wenyewe ulikuwa wa chini ya bati, jua linachoma, watoto wanacheza kombolela dirishani. Kosa lilikuwa langu. Ukihamia mtaa, nenda kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa kabla hajaja kwako, mwambie mimi muuguzi, nina zamu za usiku. Ni dakika tano.

Maji ndiyo yaliniumiza roho. Unaliona Ziwa Victoria lote limekaa pale chini linang'aa, na wewe huku juu unasubiri mtu wa kukuuzia dumu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema dumu ndilo lililoniliza. Jioni za mwanzo nilikuwa nateremka ufukweni, nakaa kwenye jiwe. Mtu aliyekulia Pangani saa yake ni maji, yamejaa, yamekupwa, unajua hata wavuvi wako wapi. Nikawa nakaa nasubiri yapwe. Jua linazama, maji yako palepale. Ziwa halina kujaa wala kupwa, na mimi nilijua hilo, shule nimesoma, lakini mwili ulikuwa bado unasubiri. Nafikiri ilinichukua mwaka kuacha kusubiri.

Wazazi, mkimpigia simu katika mwaka huo, msianze na "utarudi lini". Muulizeni amekula nini. Mama yangu alikuwa ananiuliza hivyo kila Ijumaa na nilikuwa nampa taarifa ya wiki nzima: ugali wa muhogo, mlenda, michembe. Michembe ni viazi vitamu vinakatwa vinakaushwa juani, unachemsha na karanga. Hakuamini kama ni chakula. Sasa hivi mimi nisipoila mwezi naumwa.

Naona mkufunzi ananionyesha saa. Nimeshaiona, mwalimu.

Mmoja wenu kabla sijapanda hapa aliniuliza pembeni habari za Muscat, kwamba wapo wanaotaka kwenda nje. Sijafanya kazi Muscat, siwezi kumdanganya. Ila Muscat nako watu wanajibu alhamdulillahi.

Nimalizie na zile nazi, maana nimeona mnaniangalia nilipozitaja. Wiki ya kwanza nilinunua sato kule mwaloni Kirumba, mkubwa, mzima. Nikaazima mbuzi ya kukunia. Haikuwapo mtaa mzima, nikaivunja nazi na kuiparua kwa kijiko. Nikampika kwa tui zito kama alivyonifundisha bibi. Majirani walikuja kusimama mlangoni. Mmoja akasema samaki kawekewa maziwa. Mke wa mwenye nyumba akaonja kwa ncha ya ulimi, akacheka mpaka akakaa chini. Wenyewe sato wao ni maji, chumvi, nyanya, na ukisema ukweli ni mtamu. Lakini siku ile nilikula peke yangu huku nalia, na tui likaingia chumvi zaidi.

Nimekaa Mwanza zaidi ya miaka kumi. Mayu alistaafu, anaishi Magu, tunatembeleana. Wodini sasa mimi ndiye ninayepokea wageni. Mwezi uliopita ameletwa binti kutoka Mtwara, nimemzungusha nusu saa, stoo, maabara, choo, kabati la kushoto. Jioni nikampeleka kwa mama mwenye genge. Ameshazeeka, daftari ni jipya.

Na nikiaga kuja huku kwenu, mke wa mwenye nyumba, yuleyule, aliniita dirishani. "Nesi, ukirudi niletee nazi. Kumi. Wajukuu wanataka yule samaki wa maziwa." Basi langu linaondoka alfajiri na nazi sijanunua, kwa hiyo mwenye mnazi hapa tuonane pale nje. Asanteni.